Shajara ya "Kesho": kwenda na kusi, kurudi na kaskazi

Juni 8, Kariobangi

Leo tumelivua turubai. Miaka mitatu chombo hiki kimelala pembeni mwa gereji ya rafiki yetu, kati ya basi lisilo na injini na rundo la matangi ya maji, na kila nikiuliza kazi itaanza lini, mume wangu, Baba Salma, hujibu "kesho". Ndipo kikapata jina. Niliandika KESHO ubavuni kwa rangi nyekundu, mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimekasirika, na sasa jina limekaa.

Ni mashua ya faibaglasi ya futi 22, mlingoti wa alumini, matanga mawili, na kachumba ambamo watu wawili wanaweza kulala ikiwa hawajagombana siku hiyo. Mkuku wake, yaani uti unaoshuka majini chini ya chombo, ni wa chuma na hupandishwa kwa winchi ya mkono: ukiwa chini unataka maji ya mita moja na nusu, ukiwa juu unatosheka na nusu mita. Tulikinunua Naivasha kwa mzee mmoja aliyechoshwa na viboko. Mpango wetu ni kukitibu Juni na Julai, kukiteremsha Kilifi Agosti, twende Lamu, turudi Kilifi. Siku 16 zote pamoja. Mimi ni mwalimu, yeye ni fundi wa mafriji, na likizo zetu hukutana mara moja tu kwa mwaka.

Chini ya mstari wa maji nimehesabu malengelenge 61. Ukiyatumbua yanatoa maji yenye harufu ya siki. Nilidhani bahari ndiyo adui wa faibaglasi, kumbe maji matamu ya ziwa hupenya rangi upesi kuliko ya chumvi, na hiki kilikaa ziwani miaka mingi bila kutolewa nje kikauke.

Juni 22

Nairobi ya mwezi huu haigandishi chochote isipokuwa vidole. Asubuhi kipimajoto cha Baba Salma (cha mafriji, sasa kimepandishwa cheo) kilisoma nyuzi 12. Rezini, ile gundi ya faibaglasi, tuliyopaka sitaha Alhamisi ilikuwa bado inanata leo kama asali. Akaamua kuongeza dawa ya kugandisha, ati kidogo tu. Dakika chache baadaye kopo likaanza kufuka moshi, likalegea, na rezini ikapasuka ndani yake kwa mlio kama wa karanga kikaangoni. Vijana wanaotengeneza yale matangi waliacha kazi waje kutazama.

Mmoja wao, asiyefika miaka 25, ndiye aliyetuokoa. Kipimo cha dawa, alisema, hakibadiliki kwa sababu ya baridi. Kinachobadilishwa ni joto. Weka kopo la rezini kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na upashe joto ile sehemu unayotaka kupaka. Kwa hiyo nimekwenda kununua taa nne nyekundu za vifaranga, tukazitundika chini ya chombo na kuzungushia turubai mpaka chini. Ukipita usiku utadhani tumefungua banda. Tumeulizwa mara tatu ni kuku wa mayai au wa nyama.

Malengelenge yote yamefunguliwa, yamesuguliwa, yameoshwa kwa maji safi na kuachwa yakauke chini ya taa wiki nzima. Yatazibwa kwa epoksi, si kwa ile rezini ya matangi. Bei yake inauma, lakini hapo ni chini ya maji, wala sitaki kujifunza tofauti zake nikiwa ghuba ya Ungwana, njiani kwenda Lamu.

Julai 6

Nimempigia mjomba, ndugu yake mama, aliyeko Shela, Lamu. Mimi nimezaliwa Pumwani, lakini mama alitoka Lamu, na mjomba amekuwa nahodha wa majahazi ya boriti tangu kabla sijazaliwa. Naandika maneno yake kama yalivyokuwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Naambiwa mwaja na chombo."

"Tunakuja mwezi wa nane, inshallah. Tukae siku chache, kisha turudi."

"Mwaja na nini?"

"Na kusi, mjomba."

"Haya. Na mtarudi na nini?"

Nilinyamaza. Baba Salma, aliyekuwa amesogeza sikio kwenye simu, akanong'ona, "Na mashine." Mjomba alimsikia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba azungumze na huyo mwenye mashine.

Jambo hili nililijua, ila nililijua kama unavyojua mambo ya shule. Upepo wa kusi huvuma tangu Aprili hadi Oktoba hivi, na kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Katikati kuna wiki za upepo usio na msimamo. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi yakapanda na kusi, na kati ya safari hizo mbili mabaharia walikaa pwani miezi, wengine wakaoa. Juni na Julai, kusi inapokuwa kali, vyombo vilipandishwa pwani vikapakwa deheni, mafuta ya kuzuia maji. Hakuna aliyekwenda akarudi kwa siku 16. Isitoshe, mkondo wa bahari kwenye pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Hivyo anayerudi Kilifi mwezi wa nane anapigana na viwili kwa pamoja, upepo na maji.

Usiku tumepiga hesabu mezani. Mashine yetu ni ya nguvu za farasi sita, inakunywa lita mbili kwa saa na kutusukuma maili nne na nusu za baharini kwa saa maji yakiwa shwari. Toa mkondo, toa mawimbi ya usoni, zinabaki maili mbili. Lamu hadi Malindi ni kama maili 72. Hizo ni saa 36 na lita 72, nasi tangi letu ni la lita 12. Baba Salma aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaandika chini yake: "Kurudi: tutaona." Nami, nakiri, sikulifuta neno hilo.

Kitu kimoja mjomba alitupa bure. "Ondokeni Malindi maji yakijaa alfajiri, siku ya bamvua, mfike mlango wa Shela yakijaa alasiri." Nimelifikiria mpaka nimelielewa: pwani yetu, siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Safari ya saa 12 inaingia kati ya kujaa na kujaa. Na mwezi ukiwa mpevu, unatoka bandarini ukiwa na taa mbinguni.

Julai 27

Tanga kuu limetoka kwa fundi wa turubai Gikomba. Kitambaa kizima, nyuzi ndizo zilikuwa zimeliwa na jua. Kashona upya mishono ya juu na ya kati, akaongeza safu ya pili ya vikamba vya kupunguzia tanga. Mshono wa chini alitaka kuushona pia. Nilimwambia auache, unaonekana mzima, tupunguze gharama.

Jaketi za kuokolea nne, fataki za dharura, kizima moto, redio ya VHF ya mkononi. Mkaguzi wa KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, atatukagua Kilifi. Rangi ya chini imekauka. Hakuna kingine.

Agosti 10 na 11, barabarani

Zaidi ya kilomita 400 za barabara ya Mombasa nikitazama kioo cha nyuma. Trela tuliikodi, na mwenyewe aliapa kwamba bearingi ni mpya. Karibu na Mtito Andei gurudumu la kushoto lilianza kulia kama mtoto, na tulipolifungua tukakuta grisi imekauka ikawa unga. Saa nne jua likituchoma, baada ya miezi miwili ya kutetemeka Kariobangi. Madereva wa malori walisimama kusaidia, na kila mmoja aliuliza swali lile lile: mnapeleka ziwa gani? Mmoja hakuamini bahari. Alisema bahari ina maboti yake, kwa nini muiletee mengine kutoka Nairobi? Swali zuri.

Mariakani tukakata kushoto kupitia Kaloleni hadi Mavueni, tukakwepa msongamano wa Mombasa. Kilifi usiku.

Agosti 13 hadi 16, Kilifi

Kesho imeelea. Tulishusha trela maji yakijaa, mtoni chini ya daraja, na Baba Salma akaingia ndani na tochi akikagua kila lengelenge la zamani kana kwamba ni mgonjwa wake. Pakavu.

Siku tatu za kujifunza ndani ya mto: kubisha (kwenda zigizaga upepo ukiwa usoni), kupunguza tanga, kutia nanga na kuing'oa. Yeye ni mtu wa bara, aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka 34 kwenye bwawa la hoteli, na nilitegemea awe mwoga. Kumbe woga ni wangu. Mimi ndiye niliyekua nikisikia majina ya waliozama.

Funzo kubwa la hapa ni mdomo wa mto. Maji yakipwa yanatoka kwa nguvu, na kusi inasukuma mawimbi yaje ndani. Vikikutana, maji husimama wima kama kuta fupi zilizobanana. Tulikwenda kutazama kwa miguu, juu ya jabali, tukakubaliana: hatutoki maji yakipwa. Afadhali tungoje yageuke, yaanze kuingia pamoja na mawimbi.

Agosti 17, Kilifi hadi Malindi

Tulitoka saa tatu asubuhi, maji yakianza kujaa. Karibu maili 30, saa tano. Upepo mgongoni, tanga kuu limepunguzwa mara moja. Watamu tuliipita kwa mbali: milango ya miamba ilikuwa myeupe kwa mapovu, na mle ndani ni hifadhi ya bahari tangu 1968, si pa kutupa nanga ovyo juu ya matumbawe. Hapo mbele ya Watamu Baba Salma alitapika mahamri yote ya Kilifi, na alipoinua uso ndipo tulipoona pumzi ya nyangumi, mara mbili, upande wa bahari kuu. Hupita huku majira haya. Alijifuta mdomo akasema amelipia tiketi.

Malindi tumelala vibaya. Ghuba inakingwa na mwamba lakini wimbi refu linazunguka na kuingia, chombo kinalewa usiku kucha. Mchana niliiona nguzo ya Vasco da Gama kutoka majini. Yeye pia alifika hapa, Aprili 1498, akapewa rubani, akangoja upepo wa kwenda India. Alipoondoka India kurudi hakungoja, akatoka kabla ya kaskazi, na bahari ile ile aliyoivuka kwa wiki tatu na ushei ikamchukua karibu miezi mitatu na mabaharia wengi. Nilimsomea Baba Salma habari hii kwenye simu. Hakusema kitu.

Agosti 20, Malindi hadi Lamu

Saa kumi alfajiri, maji yamejaa, mwezi mpevu umeinama upande wa bara. Baba Salma aling'oa nanga, mimi nikashika kana, mpini wa usukani. Hatukuwasha mashine hata dakika moja, na nitajisifu kwa hilo mpaka nizeeke.

Mbele kidogo ya mji kulipopambazuka maji yakabadilika rangi, kutoka buluu hadi kahawia hafifu, na kati ya rangi hizo mbili kuna mstari kama uliochorwa kwa wino. Ni Mto Sabaki unaingia baharini. Agosti huwa mwembamba. Baada ya masika doa lake huenea mbali. Nilikuwa nimeshausahau ule mto wa nyuma ya gereji mpaka Baba Salma aliponionyesha kidole: Mto Nairobi, wenye takataka zetu za Kariobangi, unaingia Athi, Athi unaitwa Galana, Galana unaitwa Sabaki, na huu hapa. Tulisafiri siku mbili na trela, kisha kwa tanga, kufika mahali ambapo yale maji hufika yenyewe, na kusi ilikuwa ikiyasukuma upande ule ule tuliokuwa tukienda. Sijui kwa nini lilinichekesha kiasi kile.

Kisha Ungwana. Pwani inarudi nyuma, unabaki na maji tu. Upepo ulikuwa wa kusini, umepinda kidogo kwa magharibi, karibu sawasawa mgongoni. Watu hudhani upepo wa mgongoni ni raha. Chombo huyumba kushoto na kulia kama mlevi, na nahodha akisinzia, tanga kuu huruka ghafla kwenda upande wa pili na mti unaolishika chini unaweza kuvunja kichwa cha mtu. Tuliufunga mti kwa kamba hadi omo, mbele ya chombo. Mara moja tu, kama saa nne, wimbi liliinua tezi, nyuma ya chombo, nikachelewa na kana, tanga likajaribu kuruka. Kamba ikalizuia, ikalia kama gitaa. Sikuzungumza nusu saa nzima baada ya hapo. Baba Salma alinimiminia kahawa chungu ya thamosi, akaketi karibu nami bila kuuliza, akashika kana juu ya mkono wangu.

Tulikuwa tunapita majini maili tano kwa saa, lakini GPS ilionyesha zaidi ya sita. Hiyo ni zawadi ya mkondo. Mbele ya Kipini, Mto Tana nao ukaleta kahawia yake. Hatukuwaza kuingia, mchanga wa mdomo wake si wa kuchezewa na kusi.

Saa kumi na dakika kumi alasiri tuliona minara ya simu, halafu vilima vya mchanga vya Shela. Mlango ulikuwa umejaa, laini, kijani. Mjomba alikuwa ufuoni na kikoi chake, hakupunga mkono. Alitazama saa.

Agosti 24, jaribio

Tulifanya kile tulichokatazwa bila kukatazwa. Likizo zimebaki siku mbili, na tulijiambia tutajaribu, angalau nusu ya njia, upepo huenda umelegea. Mjomba alitusaidia kung'oa nanga. Alisema tu, "Chai itakuwa tayari."

Kutoka Shela tulianza kubisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upande mmoja ulitupeleka kwenye miamba ya pwani. Tukigeuka, upande wa pili ulitutupa nje, ambako mkondo una nguvu zaidi. Kila wimbi lilikuja usoni. Baada ya saa sita tulikuwa tumekata maji maili 24, na tumesogea kusini maili saba. Saba. Baba Salma aliwasha mashine isaidie, na omo ilipozama propela ikatoka nje ya maji ikipiga kelele hewani. Halafu tanga kuu likachanika, mshono wa chini, ule niliomwambia fundi auache, mpasuko kama wa mkono wa kanzu.

Tuligeuka. Njia iliyotugharimu asubuhi nzima tuliirudi kwa tanga la mbele peke yake kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Maji yalikuwa hayajajaa vya kutosha mlangoni, tukapandisha mkuku nusu tukazunguka nje hadi saa tisa na nusu.

Chai ilikuwa tayari. Mjomba hakucheka safari hii. Alishika tanga, akaupapasa mshono, akauliza nani kaacha kuushona. Nikamwambia ni mimi.

Agosti 26

Kesho imefungwa kwenye boya la mjomba upande wa Manda uliokingwa na upepo, mkuku juu, matanga yamevuliwa. Sisi tumevuka Mokowe tukapanda basi. Tanga kuu lililokunjwa lilitozwa nauli ya abiria, na nililipa bila kubishana kwa sababu lilikalia kiti kweli.

Oktoba 12, South C

Sasa naandika nikiwa nyumbani na chombo kiko kilomita mia kadhaa kutoka hapa, na mshangao ni kwamba hali hii haitusumbui kama nilivyoogopa. Kona yetu ya Kariobangi imepewa daladala... hapana, hiyo ni lugha ya Dar. Imepewa matatu iliyogongwa. Yule kijana wa matangi ameuliza kuku wetu wanaendeleaje.

Mjomba hutuma sauti kila Ijumaa. Kusi imelegea, asubuhi kunavuma umande kutoka bara, mchana matlai, upepo wa mashariki. Anataka tusidanganyike: huu si wakati wa kutoka, upepo unaamka hivi unalala vile. Kaskazi ikishika, karibu na mwisho wa Desemba, ndipo. Nimetazama mwezi na kuandika siku za bamvua za Desemba na Januari kwenye kalenda ya jikoni, juu ya ratiba ya mitihani. Tumeomba likizo za mwisho wa mwaka, na Baba Salma ameacha kuandika idadi ya siku za safari. Ameandika siku ya kuondoka tu, na hata hiyo kwa penseli. Mkondo kaskazini mwa Malindi utakuwa umelegea, na karibu na Lamu huenda ukageuka kabisa. Salma anasema atakuja, safari hii hataki kuachwa kwa shangazi.

Kazi zilizobaki: propela ishushwe kwa mguu mrefu zaidi, tangi la pili la mafuta, kamba mpya ya kufungia mti. Jumamosi tanga linakwenda Gikomba, mishono yote.